Rangi Ina Uzito

Msasa alitoka hospitalini Jumatatu asubuhi, na kabla hajavua viatu wala kuulizwa kama amekunywa chai, alipitiliza uani kwenda kuangalia ndimi zake.

Ndimi ndivyo walivyoziita wao. Ndege ndogo ina vibawa viwili vyembamba vya bati kwenye ukingo wa nyuma wa mabawa yake, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kimoja kikipanda mwenzake hushuka, na ndege inalala upande. Vitabu vina jina lake refu. Lakini katika ua ule, ambamo Msasa na shemeji yake walikuwa wamejenga ndege ya watu wawili kwa miaka minane, kwa michoro ya kununua na bati la kuagiza, vibawa hivyo vilikuwa ndimi. Mke wa Msasa ndiye aliyevipa jina hilo siku ya kwanza. Alisema vinachezacheza hewani bila mfupa, na kama kawaida ya ulimi, vitakuja kuponza kichwa.

Alikuwa na haki ya kusema. Nyumba ilikuwa yake pia, na ndege ilikuwa imeila chumba baada ya chumba. Bawa la kushoto lilikaa sebuleni nyuma ya makochi miaka miwili, wageni wakiliegemea kama jamaa aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka. Mkia ulilala kwenye korido. Usukani wa mkia, kile kibao cha kusimama kinachogeuza ndege kushoto na kulia, kilikaa chini ya kitanda cha wenye nyumba kimefunikwa shuka kuukuu, na mama huyo alizoea kuwaambia majirani kwamba yeye ndiye mwanamke pekee anayelala juu ya ndege bila nauli.

Shemeji mwenyewe alikuwa mdogo wa mama huyo wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na mtaa mzima ulimwita Rubani. Mwanzoni jina lilikuwa la kumcheka. Baadaye halikuwa tena, kwa sababu alijifunza kuruka kidogo kidogo kwenye klabu ya ndege alikokuwa akitengeneza injini, mpaka akapata leseni. Rubani alikata bati, akalikunja, akaligonga ribiti, zile pini za kuunganishia bati. Msasa, mpiga rangi wa magari tangu ujana wake, alitayarisha na kupaka. Jina la Msasa alilipata kwa mkono wake na kwa maneno yake, maana vyote viwili vilikwangua.

Asiyejua hudhani kupaka rangi ndiyo kazi. Kupaka ni sherehe ya dakika kumi. Kazi ni ile inayotangulia. Msasa alikichukua kila kipande, akakisugua kwa sabuni na kikwaruzo mpaka mng'ao ukafa, akakimwagia maji, halafu akasimama kukitazama. Maji yakitandaa yote kama shuka, bati ni safi. Yakikatika yakafanya vishanga, pana mafuta mahali, pengine ni ya kidole chako mwenyewe, na unaanza upya. Mke wake aliwahi kumwuliza ni mara ngapi huwa anaanza upya, akamjibu kwamba maji hayana shemeji. Baada ya maji ilikuja dawa ya kuliuma bati ili rangi ipate pa kushika, kisha praima nyembamba, ile rangi ya kutangulia, kisha rangi yenyewe, mkono mmoja na nusu wa kupuliza, si zaidi. Alikipima kila kipande kwenye mizani ya jikoni kabla na baada, akaandika gramu.

"Rangi ina uzito," alikuwa akisema. "Mwenye gari hajui, kwa sababu gari halijawahi kuanguka kutoka juu."

Kwenye ndimi ndiko alikokuwa mkali kupita kote. Ulimi wa bawa umetungwa kwa urari wa uzito, mbele na nyuma. Mbele yake, ndani ya bati, kuna bomba la chuma lililowekwa kwa makusudi liwe zito, ili ukiuning'iniza kwenye bawaba zake pua iiname chini na mkia uinuke. Ukiongeza uzito nyuma, hesabu inageuka. Ndege ikishika kasi, ulimi unaanza kutetemeka kama bendera kwenye upepo mkali, na mtetemo ule haungoji uombe msamaha. Unang'oa ulimi, na pengine bawa zima. Kwa hiyo Msasa alizipaka ndimi zote mbili rangi nyembamba hata ungeweza kuhesabu vichwa vya ribiti kwa macho, akazining'iniza kwenye misumari miwili kati ya meza mbili za mbao, akaona pua zimeinama kwa adabu. Ndipo akatia saini kwenye daftari kubwa la ujenzi. Daftari lilidai saini mbili kwa kila kazi: ya aliyefanya na ya aliyetazama. Msasa alifanya, Rubani alitazama. Wiki ile ile kifua kikambana akabebwa.

Alikaa hospitali siku ishirini na tatu. Mke wake alikuja kila jioni saa za kutazama wagonjwa, na kila jioni mgonjwa aliuliza habari za ndimi kabla hajauliza za nyumbani. Na kila jioni mke alijibu neno lile lile: ziko vile vile ulivyoziacha.

Hazikuwa vile alivyoziacha.

Zilikuwa zimelala kwenye meza zake zikimeremeta kama gari la bibi harusi. Nyeupe ya maziwa, mstari mwekundu, juu yake lakka ya kioo. Ribiti hata moja haikuonekana. Msasa aliinama, akaona uso wake mwenyewe ndani ya ulimi, mashavu yameingia, macho yametoka, na akakaa akiutazama uso ule kwa muda kama mtu anayejaribu kukumbuka walipokutana. Kisha akagonga bati kwa kifundo cha kidole. Bati tupu huitika. Hili halikuitika, liligonga kama ukuta. Chini ya rangi kulikuwa na bodifila, ule udongo wa mafundi wa magari wa kuzibia mabonde, umesiliba ulimi mzima ili vichwa vya ribiti vizame.

Hakuhitaji kuambiwa mkono ni wa nani. Mjini kulikuwa na mpiga rangi mmoja tu aliyeng'arisha hivyo, naye aliitwa Kioo, kama karakana yake.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Msasa hakupaza sauti; kifua hakikumruhusu. Alimwuliza tu kama jana jioni pale kitandani, alipomwambia ziko vile vile, alikuwa ameziona. Mke akasema walitaka kumfanyia jambo la kumfurahisha. Mwenye uwanja wa kurukia, aliyeruhusu ndege iruke kwenye shamba lake Jumamosi, atakuja na wageni na wapiga picha, na alishasema hataki kupigwa picha na bati lenye chunusi.

"Chunusi," alisema Msasa.

"Ribiti, basi. Wewe unajua alichomaanisha."

Rubani alifika mchana akiwa amenyoa. Alimkumbatia shemeji yake kwa nguvu, akamwambia amekonda lakini amependeza, akauliza madaktari wanasemaje. Msasa alimjibu kwa kumshika mkono na kumpeleka mezani. Aliuinua ulimi wa kulia, akautia kwenye misumari yake miwili, akaachia.

Mkia ukashuka. Haukushuka kwa kusitasita. Ulianguka kama mlevi anayeketi. Pua, pamoja na bomba lake la chuma, ikaelekea mbinguni.

Rubani alitazama. Alikuwa fundi, si mtu wa kudanganywa na alichokiona, na kwa nukta moja uso wake ulisema kweli. Halafu akaufunga. Alisema ataruka taratibu, dakika kumi tu, duara moja juu ya shamba, ashuke. Wageni wakiondoka watakwangua rangi yote wapake upya, hata kama ni mwezi mzima. Msasa akamwambia mtetemo hauulizi umekusudia dakika ngapi. Rubani akasema yeye ndiye anayeruka, shingo ni yake. Msasa akasema shingo ni yake ila saini si yake.

Hapo ndipo shemeji alipokasirika, na mtu aliyekosa akikasirika husema yote. Alisema Msasa ana kijicho. Daktari amemkataza kushika bunduki ya kupulizia rangi maisha yake yote, dada amekwisha kumweleza, sasa hataki kuona kazi ikiisha kwa mkono wa mwingine. Alisema walimngoja miaka minane amwage maji na kuyatazama, amwage na kuyatazama, mpaka wengine walioanza pamoja nao wamesharuka wakachoka. Na wiki ile ya pili, alipowekewa hewa puani, walikaa yeye na dada yake wakakubaliana.

"Mkakubaliana nini?"

Rubani aligeuka kumwangalia dada yake, naye dada akaangalia taulo.

"Kwamba hutarudi kwenye rangi," alisema mke.

Msasa aliomba daftari. Jambo lilikuwa dogo: ukurasa wa ndimi ulikuwa na saini yake halali, ya kazi yake halali, na saini hiyo sasa ilikuwa imesimama mlangoni kulinda kazi ambayo si yake. Mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja Jumatano. Angefungua daftari, angeona ndimi zimepimwa, zimesawazika, saini mbili, angegonga muhuri. Hakuna kilichoghushiwa hata herufi, na huo ndio ulikuwa uhodari wenyewe: walikuwa wameuchukua ukweli wake wakaufanya kifuniko.

Daftari halikuwa mahali pake. Lilikuwa kwenye kabati la nguo, kabati limefungwa, na ufunguo ulikuwa kiunoni kwa mke wake.

"Nikikupa utalichana," alisema.

Akamwambia hatalichana. Mke akasema anamjua. Kisha, wakiwa wawili tu chumbani, alisema alilokuwa nalo. Miaka minane amelala juu ya usukani wa ndege. Miaka minane akisikia kompresa ya kupulizia rangi mchana na kikohozi usiku. Alipomwona amewekewa mpira puani alimwahidi Mungu kwamba akitoka salama, ndege itaondoka nyumbani, iruke au isiruke, lakini iondoke. Mdogo wake akiruka Jumamosi, mwenye uwanja ataihifadhi kwenye banda lake shambani. Basi amwache kijana aruke, naye apate nyumba yake.

"Na akianguka?" aliuliza Msasa.

"Wewe kila kitu kwako kinaanguka," alisema mke. "Gari ukilipaka unasema litashika kutu. Mtoto wa jirani akipanda baiskeli unasema atavunjika. Nitajuaje siku unaposema kweli?"

Alitoka na ufunguo wake. Msasa alibaki ameketi juu ya kitanda, miguu ikigusa shuka kuukuu lililokuwa halifuniki kitu tena.

Na hapa inabidi turudi nyuma, kwa sababu watu wenye nguvu hupenda sana sisi tusahau, na mpaka leo dawa ya hilo haijapatikana isipokuwa kukumbuka.

Miaka kumi na tisa kabla, Msasa na Rubani walikuwa wakifanya kazi kiwanda kimoja cha kuunda mabasi. Wapiga rangi walikuwa ishirini na saba, wao wawili wakiwamo, ndani ya chumba kisicho na dirisha, na mask za kuzuia moshi wa rangi zilikuwa nne, za kuonyesha wageni. Ikaandikwa barua ya madai. Aliyeiandika, kwa mwandiko wake mzuri wa shule, alikuwa Rubani. Ilipofika zamu yake ya kutia saini akasema kalamu imekwisha wino. Akapewa nyingine, akasema atarudi. Ishirini na sita wakasaini, wa kwanza Msasa. Uongozi ukawaita mmoja mmoja, ukataka jambo moja tu: nani aliandika? Msasa aliulizwa siku tatu mfululizo. Walimwahidi usimamizi, walimtisha kwa polisi, walimnywesha chai ya maziwa ofisini. Hakusema. Wote waliosaini wakafukuzwa, na Rubani akabaki kazini miaka mingine mitano akila mshahara. Mapafu yaliyombana Msasa mwezi ule yalianza kuharibikia katika chumba kile.

Hakumlaumu shemeji yake. Alijisemea kijana ana dada wa kumtunza, na dada mwenyewe ndiye huyo aliyekuwa akimchumbia. Lakini kutokulaumu si kusahau. Jina la kila mtu kwenye barua ile alikuwa nalo kichwani kwa mpangilio, na angeweza kukutajia wangapi wameshazikwa.

Kesho yake, Jumanne, alijikongoja mpaka kwa Kioo. Alikwenda na ugomvi umejaa mdomoni, akaukuta hauna pa kutua. Kioo alipomwona akiingia karakana aliangusha kitambaa. Alimzunguka mara mbili kama anayekagua gari lililopata ajali, akamgusa bega.

"Ndugu yangu, mimi nilijua umeshakwenda," alisema. "Walisema umeniachia kazi. Nilipaka kama naosha maiti ya rafiki. Unafikiri ningetia mikono minne bure?"

Mikono minne ya rangi, na miwili ya lakka juu yake. Msasa akamwuliza bodifila ilikwenda kiasi gani. Nusu kopo kila ulimi, alisema Kioo, na akaanza kujisifu namna alivyozizamisha ribiti, mpaka akauona uso wa mwenzake. Kama kuna chuki baina ya wapiga rangi, hutokana na kumaliza kazi ya mwingine. Lakini Kioo hakuwa amekosea kwa ubaya. Hilo lilikuwa kosa la mtu aliyepaka magari maisha yake yote. Kwake kizito ni kizuri, na ribiti ni aibu ya kufichwa. Hakuna aliyemwambia habari ya urari. Alipoelewa alikaa chini juu ya tairi. Alisema atakuja mwenyewe kesho amweleze mkaguzi, hata kama ni kujivunjia jina.

Msasa alimkatalia. Hakutaka kupeleka shahidi dhidi ya watu wake mbele ya mtu wa serikali. Mambo ya nyumba yake angeyabeba mwenyewe.

Aliporudi, Rubani alikuwa uani akizirudisha ndimi kwenye mabawa. Ndege nzima sasa ilikuwa imesimama kwa magurudumu yake, ukuta wa ua umebomolewa upande mmoja ili itoke. Ubavuni, chini ya dirisha, palikuwa pameandikwa kwa herufi nyekundu jina la Rubani kama mjenzi, na chini yake jina la mwenye uwanja kama mfadhili. Msasa alisoma mara moja akaliacha, maana lilikuwa dogo kuliko lile la ndimi. Alimwomba shemeji yake kwa mara ya mwisho. Alimwomba kwa sauti ya chini, kama anavyoombwa mtu mkubwa, na wakati huo alikuwa akimwomba mtu ambaye yeye mwenyewe alimnunulia viatu vyake vya kwanza vya kazi. Ahirisha, alimwambia. Mwezi mmoja. Nitazikwangua mimi.

Rubani alikaza nati ya bawaba bila kugeuka.

"Mwambie mkaguzi kama unataka," alisema. "Lakini hutamwambia. Nakujua, shemeji. Wewe si mtu wa kuchoma wenzako."

Alilisema kwa upole, karibu kwa heshima. Na ndipo Msasa alipoelewa amesalitiwa kiasi gani. Uongo wa hospitalini ulikuwa uongo wa woga. Kabati lililofungwa lilikuwa uchovu wa mwanamke. Hata jina ubavuni lingeweza kuitwa tamaa ya kijana. Lakini huyu alikuwa amekaa akapiga hesabu juu ya siku zile tatu ofisini. Alikuwa amekichukua kitu pekee ambacho Msasa alitoka nacho kiwandani, kutosema kwake, akakifunga kwenye ndege kama nati nyingine.

Mkaguzi alikuja Jumatano saa nne, mtu mwembamba mwenye miwani ya kamba na mkoba uliochanika kishikio. Alizunguka ndege akiwa amefunga mikono nyuma. Aligusa, akatikisa, akapiga magoti, akamulika tochi kwenye matundu. Alisema rangi ni ya kupendeza. Mke wa Msasa alileta meza, kitambaa, chai, na daftari, akaliweka katikati, kisha akasimama nyuma ya kiti cha mdogo wake. Ufunguo ulikuwa ungali kiunoni.

Mkaguzi alifungua ukurasa kwa ukurasa. Kila mahali aliuliza, Rubani akajibu, naye akaweka alama ndogo. Alipofika kwenye ndimi alisoma gramu, akasoma urari, akasifu mwandiko. Akainua macho juu ya miwani.

"Aliyefanya ni nani hapa?"

"Mimi," alisema Msasa. Alikuwa ameketi pembeni kwenye kigoda, koti limemwia kubwa.

"Saini ni yako?"

"Saini ni yangu."

Mkaguzi akashusha kalamu kuweka alama yake.

"Saini ni yangu," alisema tena Msasa, "ila kazi iliyoko pale si yangu. Naomba unipe kalamu niifute."

Rubani alicheka kidogo, akamwambia mkaguzi kwamba mzee ametoka hospitali juzi, dawa bado zimo kichwani. Mke akasema ndiyo, hajapata nafuu. Alilisema haraka, na baada ya kulisema akaziba mdomo kwa taulo, kama mtu aliyeona neno lake likitoka mlangoni limevaa nguo za mwingine.

Mkaguzi hakucheka. Alimwuliza Msasa ni kazi ya nani basi, na imefanywa nini. Msasa akasema hilo hatalijibu, hakuja kumtaja mtu, na hata angeshikwa siku tatu hatalijibu. Anachojua ni alichokifanya yeye na alichokitilia saini, na hicho hakipo tena. Kila mtu ana haki ya kuliondoa jina lake mahali. Aliliweka mara moja kwenye barua akalipia, leo analirudisha kwake.

Alinyoosha mkono. Mkono ulikuwa wa hospitali, mishipa imesimama. Mkaguzi alimpa kalamu. Msasa alivuta mstari mmoja juu ya saini yake, taratibu, ulionyooka kama wa rula, akaandika tarehe pembeni.

Mkaguzi hakuwa mjinga. Hakuuliza tena mtu yeyote neno lolote. Alifungua mkoba, akatoa spana, akaufungua ulimi wa kulia mwenyewe, akatafuta kwa macho, akaiona ile misumari miwili kati ya meza. Akauning'iniza. Ulipoanguka kwa mkia, alimtazama Rubani, namna mtu anavyomtazama aliyetoka salama kwenye ajali bila kujua. Akaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa kwamba ndege isiruke mpaka ndimi zikwanguliwe, zipakwe na kupimwa upya mbele yake. Chai yake aliiacha.

Alipokwisha kuondoka, Rubani alikuja mbele ya kigoda.

"Umeniuza," alisema. "Mbele ya mgeni, mbele ya dada yangu. Barua ile ulinificha, na hii nayo ungenificha. Leo nini?"

Msasa alikuwa na majibu mengi. Alikuwa ameyalimbikiza miaka kumi na tisa. Aliangalia viatu vya kijana, vilivyopigwa rangi kwa ajili ya wapiga picha, na hakuona lolote kati ya majibu yale lenye faida. Alisema tu kwamba barua ya siku ile isingemuua.

Rubani alikwenda kulala klabuni. Mwenye uwanja alituma ujumbe kwamba wageni wamepata shughuli nyingine, na banda lake halina nafasi tena. Mke wa Msasa alipika, akapakua, akaweka sahani mezani, mwenyewe akala jikoni, Alhamisi na Ijumaa. Ukuta wa ua ulibaki umebomolewa, wapita njia wakisimama kuchungulia.

Jumamosi asubuhi, saa ambayo ndege ingekuwa hewani, Msasa alijifunga mask ya vichujio viwili, akakaa upande upepo unakotokea, akaupaka ulimi wa kulia dawa ya kutoa rangi. Daktari alikuwa amemkataza na yeye alikuwa amemsikia. Baada ya robo saa rangi ya Kioo ilijikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Akaikwangua kwa ubao, kwa kuwa chuma kingeliumiza bati. Nyeupe ikaondoka, bodifila ikaondoka kwa mabonge, na ribiti zikaanza kutokeza moja moja, zikiwa pale pale zilipokuwa.

Upande wa juu ulipokwisha, ilibidi aupindue. Ulimi ni mrefu na bati lake ni jembamba. Mtu mmoja akiuinua peke yake utajipinda katikati na ndio mwisho wake. Alijaribu kuingiza mkono huku, akatoa, akajaribu kule. Kifua kikaanza kupiga mluzi.

Mke wake alitoka jikoni. Alikuwa amevaa glovu zake za kufulia. Alikwenda mpaka ncha ya pili ya ulimi, akaushika.

"Nashika kwa ajili ya mdogo wangu," alisema. "Usidhani nimekurudia."

"Shika mwisho kabisa," alisema Msasa. "Katikati usibonyeze."